Chura wa Bronx, Kwao Kihansi

Nchini kwetu chura wa Kihansi alijulikana kwa maneno kabla ya kujulikana kwa sura. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, umeme ulipokatika Dar es Salaam, kila abiria wa daladala alikuwa na habari zake: mara chura amezuia mitambo, mara chura amepandishwa ndege kwenda Marekani wakati wagonjwa wetu wanakosa nauli ya kufika Muhimbili, mara Wazungu wamemnunua kwa siri. Tulimcheka, tulimlaumu, tukamtungia majina. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Mimi nilikuwa napiga picha za harusi na kipaimara, na nakumbuka nikishangaa kwamba kiumbe anayesemwa kiasi hicho hana hata picha moja ambayo fundi cherehani wa Manzese angeweza kuielezea.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Pale Milima ya Udzungwa inaposhuka kwa ghafla kuelekea bonde la Kilombero, Mto Kihansi huanguka ndani ya korongo jembamba, na maporomoko yake yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Katika eneo lililoloweshwa na manyunyu hayo, hekta mbili hivi tu, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hajapata kuonekana kwingine kokote duniani. Watafiti walimkuta mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umekwisha kuanza. Maelezo yake ya kisayansi yalitoka mwaka 1999, na mmoja wa walioyaandika ni Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, na manyunyu yakakauka. Mwezi Desemba vyura 499 walikamatwa wakapelekwa New York, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, na baadaye wengine wao wakagawiwa bustani nyingine za Marekani.

Korongoni kulifungwa mabomba ya kunyunyizia maji, na kwa muda mfupi vyura waliobaki walionekana kuongezeka. Kisha mwaka 2003 walikufa karibu wote kwa mara moja. Ugonjwa wa kuvu uitwao kitridi, ambao hushambulia ngozi ya vyura na umewamaliza wengi duniani, uligunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 shirika la IUCN lilitangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Kwa hiyo kukawa na wakati ambapo Mtanzania aliyetaka kumwona chura wa kwao alihitaji viza.

Nilimkuta bila kumtafuta. Nilikuwa nimekwenda kwa dada yangu anayeishi Bronx, baridi ilikuwa kali, na nyumba ya wanyama watambaao katika ile bustani ni mojawapo ya sehemu chache ambapo mtu aliyezaliwa Temeke anaweza kuvua koti mwezi wa pili. Nikapita kwa mamba, nikapita kwa chatu, nikafika kwenye kijumba cha kioo chenye majani na ukungu mwingi. Nilidhani hakina kitu. Nikasoma bango, nikaona neno Tanzania, nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Walikuwapo wengi, wameketi juu ya majani, kila mmoja akitosha kukaa juu ya ncha ya kidole gumba.

Nilirudi mara nyingi baada ya hapo, na kamera.

Kumpiga picha kiumbe wa kimo hicho nyuma ya kioo ni kazi ya kuvaa vizuri kwanza. Shati jeusi, mikono mirefu, saa na pete mfukoni, kwa sababu chochote kinachong'aa mwilini mwako kitatokea usoni mwa chura. Unafuta upande wako wa kioo, maana watoto wameacha alama za vidole na pua. Unasimama uso kwa uso na kioo, kwani ukikipiga kwa pembeni unene wake unavuta sura na kuilegeza. Mdomo wa lenzi unauvisha mpira laini na kuubandika kwenye kioo chenyewe, ili mwanga wa chumba usipenye kati. Flashi unaisahau. Inarudisha mwanga wote kwako, na hata kama isingerudisha, mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia usipomwonea huruma wewe mwenyewe. Kisha unangoja. Kule Bronx manyunyu ya bandia yanatoka kwenye pua ndogo za mabomba, na kila yanapokatika kuna muda mfupi ambapo matone yamekwisha kuteremka kwenye kioo na vyura bado wanachangamka. Kwa lenzi ya vitu vidogo, ukilenga jicho basi mguu wa nyuma tayari umefifia, na pumzi yako mwenyewe inatosha kuharibu picha.

Mpiga harusi anajua kungoja. Alichonifundisha chura ni kungoja bila kumwambia mtu atabasamu.

Siku moja nilimpata jike amejibandika kwenye kioo, tumbo likinielekea. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba ndani yake niliviona vitoto vimejikunja. Chura huyu hatagi mayai majini, wala watoto wake hawapitii hatua ya kiluwiluwi nje ya mama. Wanazaliwa wakiwa vyura kamili, weusi-weusi, wadogo kuliko punje ya mchele. Nilipiga mpaka kadi ikajaa. Katika picha zote nilizowahi kupiga, na nimewapiga mawaziri na maharusi wengi wenye fedha, ile ndiyo iliyosafiri mbali kuliko zote.

Nikasimama kwenye swali ambalo kila mpiga picha wa bustani za wanyama hulifikia mapema au baadaye. Kwenye kona ya picha kulikuwa na kipande cha bomba. Kukikata ni kazi ya sekunde mbili. Ukikikata, una picha ya Udzungwa: jani, tone, chura. Mtu atakupongeza kwa kupanda milima. Nimewaona wenzangu wakifanya hivyo kwa simba wa kizimbani na kuwaita simba wa mbugani, na picha inasambaa, na hakuna anayeumia kwa wakati huo. Ila picha ya mnyama wa kizimbani inayojifanya ya porini inasema jambo moja la hatari, kwamba porini bado yupo. Kwa chura wa Kihansi, wakati ule, uongo huo ungefuta kisa chake chote.

Wanaoheshimu kazi hii hawalichukulii jambo hilo kwa mzaha. Shindano kubwa la London la wapiga picha wa wanyamapori lilimpa ushindi Mhispania José Luis Rodriguez mwaka 2009 kwa picha ya mbwamwitu akiruka lango usiku. Januari 2010 walimvua ushindi, baada ya waamuzi kuona kwamba yaelekea mnyama yule alikuwa amefugwa na hukodishwa kwa kazi za picha. Mwenyewe alikana. Walichokikataa ni mnyama wa kukodi kupitishwa kama wa porini. Bomba langu nililiacha palepale.

Lakini ukweli wa maelezo ya picha nao una ngazi zake, na hapo Bronx kuna somo chungu. Septemba 1906 bustani hiyohiyo ilimweka kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga kwenye nyumba ya nyani, na watu wakamiminika kumtazama. Picha yake akiwa amempakata sokwe bado ipo. Kulikuwa na bango pia, na lilitaja umri wake, kimo chake, uzito wake, na kwamba ameletwa kutoka Mto Kasai. Huenda kila tarakimu ilikuwa sahihi. Halikusema mtu amefikaje mle ndani. Wachungaji weusi wa jiji walipaza sauti mpaka akatolewa. Alijiua mwaka 1916 huko Virginia, na shirika linaloendesha bustani liliomba radhi hadharani mwaka 2020. Mwafrika anayeinua kamera mbele ya kizimba cha Bronx hawezi kujifanya hajui hayo. Tangu niliposoma habari za bango lile, jina la mnyama na nchi yake havinitoshi tena chini ya picha. Naandika pia kilichomtoa kwao.

Mtu aliyeifikisha mbali kazi ya kupiga wanyama wa kizimbani ni Mmarekani Joel Sartore. Alianza mwaka 2006 kwenye bustani ndogo ya wanyama mjini kwake, Lincoln, Nebraska, wakati mke wake akiugua saratani na yeye hawezi kusafiri. Wa kwanza kumpiga alikuwa fuko asiye na manyoya, yule wa ardhi kavu za Kenya, Somalia na Ethiopia, ambaye kwa uzuri hajapata kushinda shindano lolote. Sartore humweka kila mnyama mbele ya pazia jeusi au jeupe tupu. Bila majani wala milima, panya na tembo wanakuwa na kimo kimoja, na wote wanakutazama machoni. Nilimwiga kwa muda, kisha nikaacha. Kwake inafaa kwa sababu anakusanya maelfu ya spishi na pazia ndilo linalowaunganisha. Kwangu mimi mwenye chura mmoja, pazia lingenifichia bomba tena, safari hii kwa heshima zaidi.

Kuna wanyama ambao picha za kizimbani ndizo pekee zilizobaki. Kwaga, ndugu wa punda milia aliyeishi Afrika Kusini, alipigwa picha akiwa hai mmoja tu, jike wa bustani ya London, na wa mwisho akafa Amsterdam mwaka 1883. Wa mwisho miongoni mwa wale walioitwa mbwamwitu wa Tasmania alifia kwenye bustani ya Hobart mwaka 1936, na filamu fupi ya mwaka 1933 inamwonyesha mmoja wao kwenye bustani hiyohiyo akipiga miayo na kuzungukazunguka kizimbani. Hizo ni kumbukumbu za msiba. Zilipigwa bila mtu kudhani zina haraka yoyote, na sidhani kama zilimsaidia mnyama hata mmoja.

Watu waliomo ndani ya fremu nao wana kazi yao. Watafiti wa Chicago waliwaonyesha watu picha za sokwe, nyingine sokwe akiwa peke yake, nyingine akiwa na binadamu pembeni. Walioona sokwe na binadamu walielekea zaidi kufikiri kwamba sokwe hawamo hatarini na kwamba wanafaa kufugwa nyumbani. Ndiyo sababu siweki mkono wa mtu karibu na mnyama mdogo wa kupendeza, hata mlezi wake akitaka. Ila sifanyi amri ya jambo hilo. Sudan, faru mweupe wa kaskazini wa mwisho wa kiume, alikulia kwenye bustani ya Dvůr Králové kabla ya kuletwa Ol Pejeta, Kenya, Desemba 2009, pamoja na faru jike Najin na Fatu ambao walizaliwa kwenye bustani hiyohiyo. Mpiga picha Ami Vitale aliifuata safari ile kwa kamera, na mwaka 2018 akampiga mlezi Joseph Wachira akimwinamia Sudan katika siku zake za mwisho. Huwezi kuitazama picha ile ukatamani kufuga faru. Unamtazama yule mtu na kujua kwamba kazi hii ina wafanyakazi, wana sare, wana mikono.

Vyura wa Kihansi walibahatika kuliko faru. Bustani za Bronx na Toledo, ambako baada ya vifo vya miaka ya mwanzo ndiko walikobaki, walijifunza taa gani wanahitaji, maji gani, wadudu wa kimo gani. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni, na wanaofuatilia mambo hayo wanasema hakuna amfibia aliyetangazwa kutoweka porini ambaye aliwahi kurudishwa kwao kabla yake.

Baada ya hapo ndipo niliporudi na picha zangu zimeviringishwa kwenye bomba la plastiki. Niliziombea ruhusa kwa maandishi kwanza, kwani bustani nyingi hukuruhusu kupiga kwa ajili yako lakini siyo kuzitumia hadharani. Nikashuka Ifakara, nikaendelea kuelekea Mlimba, mpaka kwenye kijiji kimoja cha chini ya milima kati ya mashamba ya mpunga. Mtendaji alisoma barua yangu, mwenyekiti akaisoma tena, na siku ya gulio nikatundika picha kwa vibanio vya nguo kwenye baraza la shule. Kila picha kubwa niliibandikia pembeni picha ndogo, chura akiwa na kimo chake halisi.

Babu mmoja alisimama mbele ya jike mwenye vitoto. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu ndiye?"

"Ndiye, babu."

"Mbona mkubwa hivi?"

Nikamwonyesha ile ndogo. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Huyu ndiye aliyewatoa watu kwao na ndege zao!"

Akina mama walisogea kwa lile tumbo. Mmoja aliyebeba mtoto mgongoni hakuamini kwamba chura anazaa, akaniuliza mara ya pili, kisha akawaita wenzake: "Njooni mwone, mwenzetu huyu!" Sikuwa na hotuba yoyote iliyoweza kufanya kazi ile. Waliomsikia chura kwa miaka kama jina la mradi na fedha za watu wengine sasa walikuwa wanabishana ana watoto wangapi.

Babu hakuwa amemaliza. "Huko Amerika, watu wanalipa kumwona?"

"Wanalipa kiingilio, babu, wanawaona wanyama wote."

"Na mimi nikitaka kupanda juu nimwone?"

"Lazima kibali. Na buti zioshwe kwa dawa."

"Kwa hiyo kule unalipa unaingia, hapa hulipi na huingii."

Nimesikia mijadala mingi ya uhifadhi, katika kumbi zenye viyoyozi, na sijasikia iliyofika pale kwa haraka hivyo. Nilimweleza habari za kitridi, kwamba ugonjwa unaweza kusafiri kwenye tope la kiatu cha yeyote, awe mtafiti, mgeni au mimi. Akafikiri. Akasema hilo analielewa, hata jirani mwenye kuku wenye mdondo hukaribishwi kwake, ila mbona hawakumwambia hivyo tangu awali, walimwambia marufuku tu. Sikuwa na jibu. Kisha akamwambia mjukuu wake amsomee maandishi chini ya picha. Mtoto akasoma: chura wa Kihansi, jike, amepigwa ndani ya kioo, Bronx, New York, baada ya maji ya kwao kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Babu akasema nimesahau watu. Kuna vijana wanapanda kule kuwaangalia vyura na kushughulikia mabomba, mbona hawamo? Nikaomba kalamu nikaongeza, na nilipochapisha upya seti ile maneno yake yaliingia.

Picha ziliwasaidia vyura? Siwezi kupima. Manyunyu yanatoka kwenye mabomba, siyo kwenye karatasi zangu. Najua tu kwamba mabomba hayo yatahitaji kulindwa kwa miaka mingi, na kwamba anayeishi chini yake sasa anajua yanamnyunyizia nani.

Mwalimu wa biolojia aliziomba zibaki shuleni. Alikuwa na ombi jingine: nimpe na picha ya kiluwiluwi cha chura huyu, ya kufundishia hatua za ukuaji. Nikamwambia hakipo, ndiyo ajabu yake. Akasema basi wanafunzi hawataiona ajabu yenyewe wasipomwona na yule wa kawaida, yule wa mtaroni, ambaye hakuna aliyewahi kumleta kwenye picha wala kumpandisha ndege. Kipindi cha mwisho kilipoisha alinitafutia ndoo na wanafunzi wanne, tukaenda kwenye majaruba nyuma ya shule.